Ukurasa wa Filamu: Kabla ya kuwasha, tujue nani ameketi mbele

Ninyi mliofika mwezi huu, poleni na safari na karibuni Nkungu. Kwa wale ambao hawajatujua bado, ukurasa huu ni wa filamu. Sisi ni walimu wa kujitolea hapa Nyarushishi. Hatukusomea mambo ya sinema, tulimaliza sekondari tu, lakini tuna kompyuta moja, projekta ya kuazima na shuka nyeupe. Kila mwezi tunawaambia tuliangalia nini, watu walisema nini, na filamu gani tunawashauri.

Tunapenda hasa filamu za kweli, zile zinazoitwa dokumentari. Siyo za kucheza, wala za karate. Ndani yake mtu anayelia analia kweli, na anayecheka amechekeshwa kweli.

Mwezi huu tunaanza kwa kuomba radhi.

KOSA LETU LA JUMAMOSI ILE

Tuliamua kuonyesha Virunga. Filamu hii ilitoka mwaka 2014, ilitengenezwa na Mwingereza Orlando von Einsiedel, na ilifika mpaka kuwania tuzo ya Oscar. Inaonyesha walinzi wa hifadhi ya Virunga, kule Kivu ya Kaskazini, hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1925. Ndani yake yuko André Bauma, mlinzi anayelea gorila mayatima kama watoto wake wa kuzaa. Sisi tulikuwa tumeona kipande cha mwanzo tu, tena kwenye simu. Tukatangaza: "Jumamosi, filamu ya gorila! Watoto wote waje!"

Wakaja kweli. Wadogo waliketi mbele kabisa kwenye mikeka, wakubwa nyuma kwenye mabenchi. Mwanzo ulikuwa mzuri, watoto walicheka sana kumwona gorila akicheza na André. Kisha ikafika sehemu ya vita ya mwaka 2012. Milio ya mabomu. Watu wamebeba magodoro kichwani, barabara imejaa. Spika yetu, ambayo kila siku tunailalamikia kwamba haina nguvu, siku hiyo ilikuwa na nguvu.

Mtoto mmoja wa miaka sita hivi alisimama, akashika mkono wa dada yake, akauliza: "Yaya, tunakimbia tena?" Wengine walikuwa wamekwisha kuingia chini ya mabenchi. Mama mmoja alinyanyua watoto wawili, mmoja si wake, akatoka nao nje. Tulizima. Kwa dakika nyingi hakuna aliyesema kitu.

Kesho yake mama yule alitujia. Hakupiga kelele. Aliuliza tu: "Walimu, muliangalia ile filme yote mbele ya kutuonyesha?" Tukajibu hapana. Akasema: "Basi mulipika chakula bila kuonja, mukapatia batoto."

Hatuna la kujitetea. Tunawaomba radhi wazazi wote wa watoto waliokuwepo, na watoto wenyewe. Tulikwenda familia kwa familia kusema pole, na kama kuna jamaa hatukuifikia, tafadhali mtuite. Kama mtoto wako bado anaamka usiku tangu siku ile, usimkemee wala usione haya. Mwambie kwamba yuko salama na wewe upo karibu, halafu umwone mhudumu wa afya au wa ulinzi wa watoto hapa kambini.

Filamu yenyewe siyo mbaya. Kwa watu wazima ni nzuri sana. Kuna gorila mmoja anaitwa Ndakasi. Mwaka 2007 walinzi walimkuta akiwa mtoto mchanga, ameng'ang'ania maiti ya mama yake aliyeuawa. André alimlea miaka yote hiyo, na mwaka 2021 Ndakasi alikufa mikononi mwake. Lakini filamu nzuri ikionyeshwa kwa watu wasiofaa inaumiza. Hilo tumelijifunza kwa gharama ya watoto wenu.

KWA NINI FILAMU YA KWELI NI TOFAUTI

Baada ya siku ile mwanafunzi wa darasa la nne alituuliza: "Wale waliokufa, walikufa kweli?" Swali dogo, lakini ndilo lenyewe. Kwenye filamu ya kucheza mtu anapigwa risasi, kamera ikizimwa anaamka, anapangusa rangi nyekundu, anakwenda kula ugali. Kwenye filamu ya kweli hakuna anayeamka. Yule mama unayemwona barabarani alikuwa na jina, na labda leo yuko hai mahali fulani. Anaweza kuwa jirani yako wa hema la tatu.

Kwa hiyo tumejiwekea kanuni nne, na tunaomba mtushike kwazo:

1. Hatuonyeshi filamu yoyote ambayo walimu wawili hawajaiona yote, mwanzo mpaka mwisho, wakiwa na sauti.

2. Tangazo litasema wazi kilichomo: kama kuna milio ya risasi, damu, ubakaji au watu wanaokimbia. Pia litasema ni ya watoto, ya vijana au ya watu wazima tu. Watoto wataangalia mchana, watu wazima kuanzia saa kumi na mbili jioni.

3. Tunatafsiri kwa Kiswahili kilekile kinachosemwa, bila kuongeza chumvi. Tunajua mnawapenda watafsiri kama DJ Afro wa Kenya, anayetia mizaha mpaka mtu unashika mbavu. Kwa filamu za kucheza ni sawa. Kwa mtu anayesimulia msiba wake, hapana.

4. Filamu ikiisha hatuondoki mara moja. Tunawasha taa, tunakaa nusu saa, anayetaka kusema anasema. Anayetaka kutoka katikati anatoka, na hakuna kumcheka.

Sasa tuje kwenye filamu zenyewe.

KWA WANAFUNZI NA WAZAZI WAO: EXAMEN D'ÉTAT

Hii ndiyo iliyoleta maneno mengi kuliko zote. Ni ya mwaka 2014, na imetengenezwa na Dieudo Hamadi, Mkongomani mwenzetu mzaliwa wa Kisangani ambaye aliwahi kusoma udaktari kabla ya kushika kamera. Inafuata wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sekondari hapo Kisangani wanaojiandaa kwa mtihani wa serikali. Hakuna msimulizi anayekuelezea. Kamera inakaa nao tu, na wewe unaona.

Wanafunzi ambao wazazi wao hawakulipa prime ya walimu wanafukuzwa darasani. Hawana pa kusomea. Basi wanajiunga, wanapata nyumba moja, wanakaa humo na kusoma pamoja usiku na mchana. Mmoja wao ni kijana anayebeba mizigo sokoni ili apate chochote. Siku zinapokaribia, wengine wanakwenda kwa wahubiri ili kalamu zao ziombewe, na wengine wanatafuta majibu ya kuiba. Yeyote aliyefanya mtihani ule Kongo atajiona humo ndani. Sisi wenyewe tulijiona.

Taa ilipowashwa ubishi ulianza. Kijana mmoja wa sekondari alisema: "Kama hawana pesa ya kulipa na wamefukuzwa, wafanye nini? Hata mimi ningeiba." Wenzake wakapiga makofi. Baba mmoja, aliyefundisha miaka mingi upande wa Uvira, aliomba neno. Alisema: "Mtoto wangu, mwalimu yule naye hana mshahara wa kutosha. Serikali inamwibia mwalimu, mwalimu anamwibia mzazi, mwanafunzi anaibia mtihani. Halafu siku moja yule mwanafunzi anakuwa muuguzi, anakuchoma sindano." Watu walinyamaza.

Dada mmoja, mama wa watoto watatu, akasema hakuona wezi, aliona watoto walioachwa peke yao. Alisema mimi niliacha shule kwa sababu ya prime hiyohiyo, na hakuna aliyenitafutia nyumba ya kusomea.

Hatukuamua nani yuko sahihi. Lakini kuhusu kuiba tuseme wazi, kama walimu: diploma ya wizi haisaidii mkimbizi. Sisi tunapovuka mpaka tunaacha nyumba, mashamba na ng'ombe. Tunachobeba bila kupigwa na mvua ni kile kilichoingia kichwani.

Na tuseme pia kilichotokea baadaye. Siku ya tatu wanafunzi saba walikuja kuomba ufunguo wa chumba cha darasa. Wanataka kusoma pamoja jioni kama wale wa Kisangani. Tumewapa. Wana taa moja ya jua na vitabu vinne. Kama jamaa yako ina kitabu cha hesabu au cha Kifaransa ambacho hakitumiki, wakopesheni.

Inafaa: kuanzia miaka 12. Hakuna vita ndani. Lugha ni Kifaransa, Lingala na Kiswahili.

KWA WATOTO: BENDA BILILI!

Baada ya Virunga tuliwadai watoto furaha, basi tuliwawekea hii. Ilitoka mwaka 2010, na waliitengeneza Wafaransa wawili, Renaud Barret na Florent de La Tullaye. Ni habari ya wanamuziki wa Kinshasa ambao wengi wao waliugua polio utotoni. Wanatembea kwa baiskeli za magurudumu matatu, wanalala nje, wanafanya mazoezi karibu na bustani ya wanyama. Anajiunga nao mtoto wa mitaani anayeitwa Roger. Chombo chake amekitengeneza mwenyewe: kopo, kijiti kilichopindwa na waya mmoja. Kinaitwa satonge. Filamu inawafuata kwa miaka mingi mpaka wanatoa kanda yao mwaka 2009 na kwenda kupiga Ulaya.

Kuna sehemu ngumu kidogo, moto unaunguza mahali walipokuwa wakilala. Tuliwaambia watoto mapema kwamba utawaka, na kwamba wanamuziki watapona. Hakuna aliyeogopa.

Wazazi mnajua kilichofuata. Makopo yote ya maziwa kambini yamekwisha kugeuzwa satonge. Baba mmoja alitulalamikia kwamba hapati usingizi wa mchana. Tunamwomba radhi pia, lakini kwa kosa hili tunacheka kidogo.

KWA WATU WAZIMA: FILAMU MBILI ZA HAMADI

Ya kwanza ni En route pour le milliard, ya mwaka 2020. Mnakumbuka vita vya siku sita Kisangani, tarehe 5 mpaka 10 Juni 2000, majeshi mawili ya kigeni yalipopigana katikati ya mji na mabomu yakaangukia raia. Filamu inawafuata waliokatika miguu na mikono siku zile. Wamejiunga katika chama chao, wamechoka kungoja fidia, basi wanapanda mashua na kuteremka mto Kongo mpaka Kinshasa kudai haki yao. Wana magongo na miguu ya bandia, wanalala wamebanana, mvua inawanyeshea. Wakifika wanazuiliwa kuingia wanakotaka kusikilizwa. Hawarudi nyuma.

Ilichaguliwa katika tamasha la Cannes mwaka 2020. Kuhusu kesi yenyewe: Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua Desemba 2005 kwamba Uganda ina makosa, na Februari 2022 ikaagiza iilipe Kongo dola milioni 325.

Mzee mmoja wa hapa anayetembea kwa gongo aliangalia yote bila kusema. Mwishoni akatamka hivi tu: "Hawa hawakungoja kuitwa." Tangu siku hiyo anakuja kwenye mikutano ya kambi, anaketi mbele.

Ya pili ni Maman Colonelle, ya mwaka 2017. Kanali Honorine Munyole ni mjane na mama wa familia, polisi anayelinda wanawake na watoto. Anahamishwa kutoka Bukavu kwenda Kisangani. Kule anakutana na wanawake waliobakwa wakati wa vita, na watoto wanaoteswa kwa kusingiziwa uchawi. Hana vifaa, hana pesa, lakini anakwenda kuomba watu wa mji wachangie wenyewe. Wamama wengi walimpenda. Sisi tunasema kila anayemwita mtoto wa jirani mchawi aangalie filamu hii mara mbili. Siyo ya watoto.

KWA WANAONGOJA SAFARI: GOD GREW TIRED OF US

Ni ya mwaka 2006, ya Christopher Quinn. Inafuata vijana wa Sudan waliokimbia vita wakiwa watoto, wakakulia kambi ya Kakuma nchini Kenya, kisha wakapelekwa Marekani mwaka 2001. Kuna vichekesho, namna wanavyoshangaa taa za umeme na duka lenye vyakula vya kila aina. Lakini pia kuna upweke. Wanafanya kazi mbili tatu, hawaonani, majirani wa dukani wanaogopa wakiwaona wengi pamoja. Mmoja wao, John Dau, anatuma pesa nyumbani bila kuchoka, na mwishoni anampokea mama yake uwanja wa ndege. Vigelegele vya mama yule, jamani! Hapa kambini vilijibiwa.

Tunajua mlango wa Marekani umekuwa mgumu tangu mpango wao wa kupokea wakimbizi uliposimamishwa Januari 2025, na kuna jamaa zilizokuwa zimekwisha kufunga mizigo. Hatuonyeshi filamu hii kuwatia uchungu. Tunaionyesha ili mjue kwamba hata anayefika hajamaliza safari.

AMBAYO HATUTAIONYESHA HADHARANI

Wengi mmetuomba L'homme qui répare les femmes ya Thierry Michel, ya mwaka 2015, juu ya daktari Denis Mukwege na hospitali yake ya Panzi. Ni filamu kubwa. Serikali ya Kongo iliipiga marufuku Septemba 2015, kisha ikaondoa marufuku hiyo mwezi uliofuata, na daktari mwenyewe alipata Nobeli ya Amani mwaka 2018 pamoja na Nadia Murad. Lakini ndani yake wanawake wanasimulia yote. Hapa kati yetu kuna waliopitia hayohayo, na kuwaketisha kwenye benchi mbele ya umati siyo kuwaheshimu. Wamama wakitaka kuiona wenyewe, kikundi kidogo, pamoja na mshauri, tutawapa kompyuta na sisi wanaume tutakaa mbali.

KAMERA IKIGEUZWA KWETU

Neno la mwisho. Filamu ya kweli siyo kweli yote. Mtu amechagua aweke nini na akate nini. Mwaka 2004 ilitoka Darwin's Nightmare ya Hubert Sauper, juu ya samaki sangara wa Mwanza, Tanzania. Ulaya iliisifu sana, ikawania Oscar. Lakini mwaka 2006 Rais Kikwete aliilaumu hadharani kwamba imeichafua nchi, na wako watu wa Mwanza walioandamana kuipinga. Wengine walisema imesema ukweli kuhusu umaskini. Mjue kwamba aliyepigwa picha na aliyepiga wanaweza kuona vitu viwili.

Nasi hapa hupitiwa na wageni wenye kamera. Wengi wana nia njema. Lakini kabla ya kukubali, uliza: wewe ni nani, filamu hii itaonyeshwa wapi, jina langu litatajwa, naweza kuiona? Una haki ya kusema hapana, na chakula chako hakitakatwa kwa sababu hiyo. Mtoto asipigwe picha bila mzazi au mlezi kujua.

Bora zaidi, tujifunze kushika kamera wenyewe. Shirika la FilmAid, lililoanza mwaka 1999 kwa wakimbizi wa Kosovo, lilifika Kakuma na Dadaab na skrini kubwa ya kuonyesha filamu usiku, na baadaye likawafundisha vijana wakimbizi kutengeneza za kwao. Simu zetu zinaweza kuanza. Wanafunzi saba wa ile nyumba ya kusomea wamesema wanataka kumpiga picha mzee wetu mwenye gongo, akisimulia. Wamemwuliza kwanza. Amesema atafikiri. Tunangoja jibu lake, na akikataa, basi.

Mwezi ujao tutawaletea Taking Root, ya mwaka 2008, juu ya mama Wangari Maathai wa Kenya na miti yake. Walimu wawili wamekwisha kuiona yote, na sauti. Kuna polisi wanaopiga watu kwa virungu, kwa hiyo ni ya miaka 12 na zaidi.

Maoni yenu mwandike kwenye karatasi, muyaache kwa mwalimu yeyote. Asiyeandika aje aseme, tutamwandikia. Na yule mama aliyetukanya, tunasema aksanti sana. Siku hizi tunaonja chakula kabla ya kupakua.

Mbaki salama.

Walimu wa kujitolea, Nyarushishi, Nkungu